Tan, Zan na Watu Wake: Jina la Tanzania Lilitoka Wapi?

Kuanzia tarehe 26 Aprili 1964 hadi mwishoni mwa Oktoba mwaka huo, nchi yetu haikuwa na jina fupi. Iliitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, jina la kuandikwa kwenye hati na mikataba, si la kutamkwa na mtu anayeulizwa anatoka wapi. Wananchi wakaalikwa kushindana kupendekeza jina, mapendekezo yakamiminika, na tarehe 29 Oktoba sheria ikalitangaza jina jipya: Tanzania. Siku tano tu kabla ya hapo, jirani yetu wa kusini-magharibi alikuwa amepata uhuru na kulivua jina la Rhodesia ya Kaskazini, akajiita Zambia kutokana na mto Zambezi.

Mtoto wa shule ya msingi anajua kwamba Tan imetoka Tanganyika na Zan imetoka Zanzibar. Wengi wetu tunaishia hapo. Lakini Tanganyika yenyewe maana yake nini? Na Zanzibar? Na wale watu waliounganishwa mwaka 1964, majina yao ya Wanyamwezi, Wahehe, Wagogo na Wasukuma waliyapata kwa nani? Ukianza kuyafuatilia, kuna jambo moja linalojirudia mpaka linashangaza. Majina mengi katika mlolongo huu yalitolewa na watu wa nje. Mabaharia wa kigeni waliipa jina pwani, watu wa pwani na wapagazi wa misafara wakawapa majina watu wa bara, kisha maofisa wa London wakachukua jina la ziwa wakaibandika nchi nzima. Tanzania ndilo jina la kwanza la nchi hii ambalo wenyewe tulilichagua.

Tanganyika si Tanga na nyika

Maelezo yaliyoenea kuliko yote ni kwamba Tanganyika ni mji wa Tanga ukijumlisha na nyika iliyo nyuma yake. Wapo hata wasomi wanaoyarudia. Hayawezi kuwa kweli, na sababu yake ni nyepesi: Tanganyika lilikuwa jina la ziwa kabla halijawa jina la nchi, na ziwa hilo liko zaidi ya kilomita 1000 kutoka Tanga, upande wa pili kabisa. Wavuvi wa Ujiji hawakuwa na haja ya kukopa jina la bandari ya Bahari ya Hindi ili wayaite maji yao.

Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walifika Ujiji Februari 1858 wakifuata njia ya misafara iliyoanzia Bagamoyo na kupitia Tabora. Burton aliuliza maana ya jina la ziwa, akaelezwa kwamba linatokana na kitenzi "kutanganyika", yaani kukutana na kuungana. Msomaji wa Kiswahili haoni shida hapo, maana anakijua "kuchanganyika", ndugu yake wa karibu. Henry Morton Stanley, aliyefika Ujiji mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, alileta maelezo tofauti: kwamba ni ziwa lililotandaa kama nyika. Mimi naona maelezo ya Burton yana uzito zaidi, kwa umbo la neno lenyewe na kwa mahali penyewe. Ujiji lilikuwa soko ambapo Waha, Wajiji, Wabembe wa ng'ambo, Warundi na watu wa pwani walikutana kununua chumvi, samaki, mawese, pembe za ndovu na, kwa masikitiko, binadamu.

Hata hivyo, tusidhani kwamba watu wote wa kandokando ya ziwa walitumia jina moja. Livingstone alipofika ncha ya kusini mwaka 1867 alikuta wenyeji wakiliita Liemba. Jina hilo halikupotea. Meli ya Kijerumani iliyotengenezwa Papenburg mwaka 1913, ikasafirishwa vipande vipande na kuunganishwa Kigoma, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 ili isiangukie mikononi mwa adui. Waingereza waliiopoa, wakaikarabati na kuirudisha majini mwaka 1927, wakaiita Liemba. Kwa hiyo mkazi wa Kigoma au Kasanga aliyewahi kupanda MV Liemba amesafiri juu ya ziwa lenye jina moja ndani ya meli yenye jina lingine la ziwa lile lile.

Jina la ziwa lilifikaje kuwa jina la nchi? Wajerumani hawakuhusika. Carl Peters na wenzake walizunguka Usagara, Uzigua, Unguu na Ukami mwishoni mwa mwaka 1884 wakiwawekea machifu mikataba ya kusaini kwa alama, na Februari 1885 serikali ya Berlin ikatoa hati ya kuilinda kampuni yao. Koloni lililozaliwa liliitwa tu Afrika Mashariki ya Kijerumani, na ndani yake zilikuwemo Rwanda na Burundi. Ujerumani ilipopoteza vita, Rwanda na Burundi wakapewa Wabelgiji, pembetatu ya Kionga kule kusini wakapewa Wareno, na sehemu kubwa iliyobaki ikawekwa chini ya Uingereza.

Sasa nchi ilihitaji jina. Katika ofisi za London yalijadiliwa majina ambayo ukiyasoma leo unashukuru kwamba yalikataliwa. Lilikuwemo Smutsland, kumtukuza Jenerali Jan Smuts wa Afrika Kusini aliyeongoza majeshi ya Waingereza hapa mwaka 1916. Lilikuwemo Windsorland, kwa heshima ya familia ya kifalme, na New Maryland, na Victoria, na Eburnea kutokana na neno la Kilatini la pembe za ndovu. Hatimaye ikaamuliwa litafutwe jina lenye asili ya hapa hapa. Kilimanjaro na Tabora yakafikiriwa, lakini mwaka 1920 lililopita ni Tanganyika. Uamuzi wa mezani wa watu ambao wengi wao hawakuwahi kukanyaga Ujiji ulimfanya Mmakonde wa Newala na Mhaya wa Bukoba waitwe wote kwa jina la ziwa ambalo huenda hawakuwahi kuliona.

Zan: neno la kale kuliko nchi

Upande wa visiwani hadithi ni ndefu zaidi. Katika karne ya kwanza, mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki uliita pwani yetu Azania na kutaja soko lake la mbali kabisa, Rhapta, jina linalohusishwa na mashua za mbao zilizoshonwa kwa kamba. Mitepe ya aina hiyo iliendelea kuundwa kwenye pwani hii kwa karne nyingi baadaye. Mwanajiografia Ptolemy naye akataja rasi aliyoiita Zingis, na katika karne ya 6 mfanyabiashara wa Alexandria, Cosmas, akaiandika sehemu hii ya bahari kuwa Zingion. Waarabu na Waajemi walipoanza kuandika habari za huku, neno lilikuwa limekwisha kukomaa: Zanj, au Zinj, yaani watu weusi wa Afrika Mashariki. "Bar" ni pwani kwa Kiajemi, na kwa Kiarabu "barr" ni nchi kavu. Zanzibar, basi, ni pwani ya watu weusi.

Yafaa kuliangalia hilo vizuri. Zanzibar awali halikuwa jina la kisiwa. Lilikuwa jina la ukanda mzima wa pwani, na lilipungua polepole kadiri karne zilivyopita hadi likabaki kwenye visiwa. Wenyeji wa kisiwa kikubwa walikuwa na jina lao, Unguja, na ni jina la kale mno. Al-Jahiz, mwandishi wa Basra aliyefariki katika karne ya 9, alitaja Lanjuya na Qanbalu kama makundi mawili ya Wazanj, na wanahistoria wanaona Lanjuya ndiyo Unguja. Al-Masudi, aliyesafiri kwa mara ya mwisho kwenye bahari hii mwaka 916, aliieleza Qanbalu, ambayo wengi wanaiweka Pemba, kuwa kisiwa chenye Waislamu wanaosema lugha ya Zanj. Pale Unguja Ukuu, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta mabaki ya makazi yaliyokuwa hai kabla ya al-Jahiz kuzaliwa. Kisiwa kilikuwa na watu, na watu walikuwa na jina lao la kukiita, wakati wageni wakiendelea kuandika jina lao wenyewe.

Neno hilo hilo limezikwa mahali pengine ambapo wengi hatupatazamii. Tarehe 17 Julai 1959, Mary Leakey aliona vipande vya fuvu vikijitokeza ardhini katika bonde lililo karibu na Ngorongoro. Fuvu lilikuwa na umri wa takriban miaka milioni 1.75. Mumewe, Louis, alilipa jina Zinjanthropus, mtu wa Zinj. Wanasayansi baadaye walilihamishia kwenye kundi lingine, lakini jina la kwanza lilikwisha kuingia vitabuni, na silabi yake ya kwanza ni ile ile Zan iliyoko katikati ya jina la nchi yetu. Na bonde lenyewe, lijulikanalo duniani kama Olduvai, ni kosa la masikio ya mgeni. Wamaasai husema Oldupai, jina la mkonge wa porini uliojaa pale.

Watu waliopewa majina na majirani

Tukija kwa watu wenyewe, mambo yanazidi kunoga. Tanzania ina makabila zaidi ya 120, na ndani ya mipaka yake zinasemwa lugha za familia kuu nne za Afrika, jambo adimu sana barani. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi na Wasandawe wa upande wa Kondoa wanasema lugha zenye vidoko, yaani sauti za kualika ulimi, na ni miongoni mwa watu wa kale kabisa hapa. Wairaqw, Wagorowa na Waburunge ni Wakushi waliotoka kaskazini. Wamaasai, Wadatoga na Wajaluo ni Waniloti. Waliobaki, ambao ndio wengi mno, ni Wabantu.

Chukua mfano wa Wanyamwezi. Mpagazi aliyeshuka na mzigo wa pembe hadi Bagamoyo, kwao angejitambulisha kwa utemi wake, labda Mnyanyembe au mtu wa Urambo. Pwani hawakuwa na muda na hesabu hiyo. Mwezi mwandamo huonekana magharibi baada ya jua kuzama, na hawa walitoka magharibi, kwa hiyo wakawa watu wa mwezi. Jina la pwani likapanda na msafara kurudi bara, likakaa. Burton alilisikia, akalitangaza Ulaya kama Nchi ya Mwezi, na tangu hapo halikubanduka.

Wanyamwezi nao walikuwa wakiwaita wenzao kwa dira. Katika lugha yao "sukuma" ni kaskazini na "dakama" ni kusini. Wasukuma, kabila kubwa kuliko yote nchini, ni watu wa kaskazini machoni pa aliyesimama kusini kwao. Mtu wa Mwanza wa karne ya 19 hakujiona wa kaskazini. Alikuwa kwao tu, katikati ya dunia yake, chini ya mtemi wake.

Wahehe, inasimuliwa, walipata jina kutokana na mlio wao wa vita, "hee, hee", uliowatia hofu majirani. Kabla ya Munyigumba kuziunganisha himaya ndogo za nyanda za Iringa katika karne ya 19, hapakuwa na taifa moja lenye jina hilo. Mwanawe Mkwawa alipowapiga Wajerumani Lugalo mwezi Agosti 1891, Wahehe walikuwa taifa kwa maana kamili ya neno, lakini taifa lisilozidi umri wa mtu mzima mmoja. Wagogo nao wanahusisha jina lao na magogo yaliyokuwa alama ya njia kwa wapagazi wa misafara.

Kuna majina yaliyo makali zaidi. Wadatoga wa Hanang na Mbulu bado wanaitwa Mang'ati na watu wengi, neno la Kimaasai la adui. Wandorobo wametoka kwenye neno la Kimaasai la watu wasio na ng'ombe, yaani maskini. Wahadzabe waliitwa Watindiga. Nadhani umefika wakati wa kuwaita watu hawa kwa majina wanayojiita wenyewe, na kwa Wahadzabe na Wadatoga mabadiliko yameanza kuonekana kwenye maandishi. Kwa Wandorobo bado.

Na usidhani kwamba kabila ni damu moja iliyoshuka moja kwa moja kutoka zamani. Waangalie Wangoni. Kundi la Zwangendaba lilitoka Afrika Kusini likikimbia vita vya enzi ya Shaka, mfalme wa Wazulu, likavuka Zambezi mwaka 1835 na kuingia Ufipa katika miaka ya 1840. Kila walipopita walichukua mateka, wakawaoza, wakawaingiza kwenye vikosi. Walipotulia Songea, waliokuwa na asili ya kusini kabisa walikuwa wachache ndani ya watu wao wenyewe. Wote waliitwa Wangoni, na walikuwa Wangoni kweli.

Pwani ilipitia njia kama hiyo. Masimulizi ya Kilwa yanaeleza watawala waliotoka Shiraz, na visiwani Wahadimu, Watumbatu na Wapemba wengi walijiita Washirazi, mpaka neno hilo likaingia kwenye jina la chama cha Afro-Shirazi mwaka 1957. Kwa miongo mingi wanahistoria walibishana kama hiyo ni historia au ni kujitafutia heshima. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji ya kale ya pwani, Kilwa ikiwemo, na katika mji mmoja wa bara. Ulionyesha kwamba kuanzia karibu mwaka 1000 wanaume wenye asili ya Uajemi walizaa na wanawake wa Kiafrika. Zaidi ya nusu ya vinasaba vya wengi wao ilikuwa ya Kiafrika, hasa upande wa akina mama. Kwa hiyo masimulizi hayakuwa uongo, ila yaliwasahau mabibi. Lugha iliyobaki vinywani mwa wajukuu ni Kiswahili, lugha ya Kibantu, lugha ya mama zao.

Waingereza walikuja kukaza kamba. Gavana Donald Cameron alitaka kutawala kupitia machifu, na sheria ya mwaka 1926 ilihitaji kila kabila liwe na mipaka na mkubwa wake. Pale ambapo watu walikuwa na koo nyingi zilizojitegemea, ikabidi wapangwe wawe kitu kimoja. Kule Kilimanjaro, mtu alikuwa wa Machame, Kibosho, Marangu au Rombo, kila umangi ukiwa na vita vyake na mwenzake. Mangi Mkuu wa Wachagga wote alipatikana mwanzoni mwa miaka ya 1950 tu, Thomas Marealle, miaka michache kabla ya uhuru.

Kutoka kabila hadi uraia

Viongozi wa TANU, chama kilichodai uhuru, waliyaona haya yote na wakachukua msimamo. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, Bunge lilijadili nani awe raia, na wapo waliotaka uraia uwe wa weusi peke yao. Julius Nyerere alikataa katakata, akawa tayari serikali yake ijiuzulu kuliko kukubali uraia wa rangi ya ngozi. Mwaka 1963 mamlaka ya machifu yalifutwa kisheria. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho iliyomuuliza mwananchi kabila lake, na tangu hapo karani wa sensa hana swali hilo kwenye dodoso. Hesabu ya mwaka 2022 ilipata watu 61,741,120, na hakuna takwimu rasmi inayosema Wasukuma au Wahaya ni wangapi kati yao.

Lugha yetu ilitunza kumbukumbu ya mabadiliko haya kwa namna yake. Usukuma ni nchi, Uhehe ni nchi, Ugogo ni nchi. Hata Uganda ni Buganda iliyotamkwa kwa kinywa cha mtu wa pwani. Lakini Utanzania si mahali. Ni hali ya kuwa Mtanzania.

Kitu kimoja kimebaki bila kukaa sawa. Katiba ya mwaka 1977 inagawa eneo la Jamhuri ya Muungano kuwa Tanzania Bara na Tanzania Zanzibar. Zanzibar imebaki na jina lake, serikali yake na, tangu marekebisho ya katiba yake mwaka 2010, maandishi yanayoitaja kuwa moja ya nchi mbili zinazounda Muungano. Nchi ya pili katika hizo mbili, ile iliyoitwa Tanganyika, haina jina lake tena kwenye sheria. Wabunge 55 walidai serikali ya Tanganyika mwaka 1993, na hoja ikazimwa. Rasimu ya katiba ya Tume ya Jaji Warioba mwaka 2013 ilipendekeza serikali tatu: ya Muungano, ya Tanganyika na ya Zanzibar. Bunge Maalumu la Katiba mwaka 2014 likarudi kwenye mbili, ya Muungano na ya Zanzibar. Mtu anaweza kuunga mkono serikali mbili au tatu kwa sababu zake, na huo ni mjadala wa kisiasa.

Jina la kihistoria ni jambo jingine. Mwaka 2011 mabango yaliandikwa "Miaka 50 ya Uhuru wa Tanzania Bara", na wengi wakauliza, kwa haki kabisa, ni nchi gani hiyo iliyopata uhuru mwaka 1961. Tarehe 9 Desemba 1961 hapakuwa na Tanzania Bara mahali popote duniani. Bendera ya Uingereza iliteremshwa katika nchi iliyoitwa Tanganyika, na bango la sherehe za siku hiyo linapaswa kuandika hivyo.